Alama Juu ya Herufi U

Watu watatu walikuwa wamekwisha kufa Mitunguu, na wa nne alikuwa amelala wodini katika hospitali ya Nkubu, saa tatu asubuhi, madirisha yakiwa wazi, akimwuliza muuguzi kwa nini taa hazijawashwa.

Inspekta Kananu alisubiri muuguzi aondoke, ndipo akavuta kiti.

“Mwalimu Hezekiah, mimi ni Kananu, wa upelelezi. Niko na mwenzangu, Sajini Misheck. Unaweza kuongea?”

“Kuongea naweza. Ni macho tu.”

“Jumamosi mlikuwa na shughuli gani?”

“Wakwe walikuja kwa ndugu yangu, kuulizia msichana. Watu hawakuwa wengi.”

“Divai ililetwa na nani?”

“Njura. Alinunua katoni moja kwa soko, kwa mtu wa pikapu nyeupe. Alisema ni ya ndizi.”

“Alimjua muuzaji?”

“Kama alimjua hakusema.”

Njura ndiye aliyekuwa wa kwanza kufa, Jumapili alfajiri. Kananu aliandika, kisha akageuza ukurasa.

“Mlijua lini kwamba ni divai?”

“Jana Jumanne, mliposema nyinyi. Kabla ya hapo sisi wote tulikuwa tunalaumu nyama ya mbuzi. Hata mwenye bucha alifunga akakimbia.”

“Mwalimu, kila mwaka tunasikia habari za pombe mbaya. Hukuogopa?”

Hezekiah aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. “Ile ya kuogopa inakuja kwa jerikeni, Madam. Hii ilikuwa na lebo. Herufi zake zilikuwa kama za maduka ya zamani, yale baba alikuwa ananinunulia daftari. Imeandikwa ‘Tangu 1952’. Nikasema, hawa ni watu wa kitambo. Wangekuwa wabaya tungekuwa tumeshajua.”

Nje, kwenye maegesho, Misheck alifungua faili juu ya boneti. Hakukuwa na mengi. Matokeo ya maabara yalisema methanoli. Namba ya ukaguzi kwenye chupa ilikuwa ya kubuni. Kwenye glasi hakukuwa na alama ya kidole inayosomeka, kwa sababu mke wa mwenye boma alikuwa ameosha vyombo vyote kabla mtu yeyote hajashuku kitu. Jana saa moja jioni redio zilikuwa zimewatangazia watu wasinywe divai iitwayo MARIGŨ, yaani ndizi. Hakuna aliyejitokeza kusema ameinunua.

“Jumamosi ni harusi kila mahali,” Misheck alisema. “Na hatuna kitu.”

“Tuna lebo,” Kananu akajibu.

Walianzia kwa Naftaly, mwenye duka la uchapaji karibu na stendi ya Nkubu. Kazi yake ilikuwa kadi za harusi na ratiba za mazishi. Aliiweka lebo chini ya kioo cha kukuzia na kuikagua kimya mpaka chai yake ikapoa.

“Karatasi ni stika ya kawaida,” alisema hatimaye. “Printa ni ndogo, ya ofisini. Imekatwa na makasi, ona hapa mkono umeyumba. Hiyo yote ni kazi ya mtu hajui kazi. Lakini hizi herufi, Madam, ni za mtu anajua.”

“Nionyeshe.”

Alimpa kioo. Herufi zilikuwa nene, zimesimama juu ya miguu mipana iliyokatwa mraba, kama ghala la mahindi juu ya mawe yake. Ndani ya kila mstari mnene kulipita uzi mweupe. Upande wa kulia kulikuwa na kivuli. Kiunoni mwa R kulikuwa na almasi ndogo ambayo haikuwa na kazi nyingine ila kupendeza.

“Hii fonti haikuja na kompyuta,” Naftaly alisema. “Mtu ameichora. Na sidhani ni mzungu.”

“Unajuaje?”

“Kwa sababu ya hiyo U.” Aligusa wimbi dogo lililokaa juu ya herufi ya mwisho. “Sisi Wameru na Waembu ndio tunahitaji hiyo alama. Mzungu anaisahau. Sasa mimi nikiandika jina la marehemu, hiyo alama naweka na kalamu. Lakini hii imezaliwa pamoja na herufi. Ona, hata wimbi lina uzi mweupe ndani.”

Alitafuta mtandaoni kwa robo saa. Fonti ilikuwa kwenye ukurasa wa kupakua bure. Iliitwa Mutugi, na mchoraji wake alikuwa Lorna Ruguru, wa Embu. Chini ya jina kulikuwa na idadi ya waliokwisha kuipakua: elfu nne mia moja na kumi na wawili.

Misheck alipiga mluzi. “Basi tumekwisha. Tutahoji hata watu wa Brazili.”

“Ipakue,” Kananu alimwambia Naftaly. “Kisha uandike neno hili.”

Naftaly aliandika. M, A, R, I na G zilitokea kwenye kioo cha kompyuta zikiwa zimevaa vizuri, na uzi wao mweupe na kivuli chao. Ya mwisho ilitokea nyembamba, tupu, imekaa pale kama mtu aliyeingia na gambuti katikati ya wanakwaya.

“Hii ya bure haina hiyo U,” Naftaly alisema. “Kompyuta imeazima ya fonti ingine.”

Kananu aliirudisha lebo kwenye bahasha yake ya plastiki. “Kwa hiyo wale elfu nne hawana tunachotafuta. Misheck, washa gari.”

Lorna Ruguru alikuwa amepanga chumba kimoja juu ya duka la mbegu mjini Embu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, wino kwenye vidole, na ukuta mzima wa picha za maduka yaliyopigwa rangi kwa mkono: bucha, kinyozi, kinu cha posho, hoteli ya chai. Kwenye nyingi za picha hizo herufi zilikuwa nusu zimefunikwa na rangi za kampuni za simu.

Kananu hakumwonyesha lebo. Alikuwa na desturi ya kusikia kwanza kile shahidi anachokijua, kabla hajaona kile polisi wanachokitaka.

“Mutugi ni nani?”

“Ni baba yangu. Aliandika mabango kutoka hapa mpaka Nkubu, karibu miaka arobaini. Nilipiga picha zilizobaki nikazichora upya, herufi moja moja.”

“Ile ya bure haina alama juu ya U.”

Lorna alimtazama kwa mshangao. “Polisi wanajua hayo?”

“Tumejua leo. Nani anayo iliyo na alama?”

“Wawili tu. Kuna kanisa moja hapa, kwa vitabu vya nyimbo za Kiembu. Na Ndwiga, wa kahawa.”

“Hakuna mwingine?”

“Hakuna.”

Ngazini, Misheck alimshika Kananu mkono. “Ndwiga namjua, Madam. Nilipokuwa kituo cha hapa alishtakiwa kwa kuuza pombe bila leseni. Tumpate kabla hajasikia.”

Duka la Ndwiga lilikuwa mitaa miwili mbele. Ndwiga mwenyewe, mtu mnene mwenye aproni, alianza kupiga kelele hata kabla Misheck hajamaliza kutoa kitambulisho.

“Ile kesi iliisha! Nililipa faini! Nyinyi mtanifuata hadi kaburini?”

“Nataka pakiti moja ya kahawa,” Kananu alisema.

Ndwiga alinyamaza, akamkabidhi. Pakiti iliandikwa KAHAWA YA MŨRĨMI, yaani ya mkulima, kwa herufi zilezile zenye miguu mipana. Kananu aliisogeza dirishani na kuiweka sambamba na lebo. Alizitazama kwa zamu, kisha akamwita Misheck.

“Angalia wimbi. La Ndwiga linaanza kwa kupanda, halafu linashuka. La kwetu?”

Misheck aliinama. “Linaanza kwa kushuka.”

“Limegeuzwa.”

“Lakini Madam, huyu ana rekodi ya pombe!”

“Rekodi anayo. Hii U hana.” Kananu alilipa kahawa na kutoka. Nyuma yake Ndwiga alikuwa bado anaeleza habari za ile faini.

Safari hii aliiweka lebo mezani mbele ya Lorna. Lorna aliitazama, akanyoosha mkono kama anayetaka kuigusa, kisha akaurudisha.

“Hii ni yangu ya kwanza kabisa,” alisema polepole. “Nilikosea. Nilichora wimbi kinyume na sikuona. Baba ndiye aliona. Aliniambia, hiyo alama umeiweka kichwa chini. Nikairekebisha siku hiyohiyo.”

“Ile yenye kosa iko wapi?”

“Niliifuta.”

“Kila mahali?”

“Kwa kompyuta yangu haiko.”

“Sikuuliza kuhusu kompyuta yako.”

Lorna alijipangusa wino kwenye kidole. Chini dukani mtu alikuwa akibishana bei ya mbegu za kabeji.

“Lebo haiui mtu,” Lorna alisema.

“Kweli. Anayejaza chupa ndiye anayeua, na mpaka sasa hatujui kama ameacha kujaza.”

“Kuna laptopu ya zamani,” Lorna akasema, macho yakiwa mezani. “Nilimwachia Baba, nyumbani Runyenjes. Mkono wake unatetemeka, hawezi kushika brashi tena. Nilimfundisha kuandika kwa hiyo ili asikae tu akiangalia barabara. Inspekta, baba yangu hanywi pombe. Hawezi kuua hata kuku.”

“Utakuja nasi. Simu yako nitakaa nayo mimi.”

Lorna alimpa bila kubisha.

Mzee Mutugi aliwapokea barazani, akiwa amevaa kofia na sweta ingawa jua lilikuwa kali. Alifurahi kumwona binti yake siku isiyo ya Jumapili. Mkono wake wa kulia aliuweka chini ya ule wa kushoto ili utulie. Aliagiza wageni wakae, na alipoona lebo ndani ya bahasha uso wake ulichanua.

“Mmeiona! Hiyo ni kazi yangu. Ya kwanza baada ya miaka tisa.”

“Baba,” Lorna alianza. Kananu alimwinulia kidole anyamaze.

“Mzee, ulimwandikia nani?”

“Gladys. Ana duka la rangi na vifaa vya ujenzi hapo sokoni. Rangi zangu zote nilichukua kwake, tangu akiwa msichana anamsaidia babake. Alikuja mwezi uliopita akasema, Mutugi, nataka lebo ya divai na sitaki ya watoto wa siku hizi, nataka mkono wako. Nikamwambia mkono umekwisha, lakini kuna mashine ya Lorna. Tukaiandika hapa, tukaiweka kwa flashi, akaenda kuchapisha.”

“Na ‘Tangu 1952’?”

“Nyanya yake alikuwa anatengeneza tangu hapo. Ndivyo alivyoniambia.”

“Hukusikia redio jana?”

“Nilisikia. Nilihuzunika sana. Lakini si ya Gladys iliyoua. Wezi waliiba jina lake, wakatia sumu kwa chupa zao. Alikuja mwenyewe kunieleza, maskini, akilia. Akasema hilo jina sasa limeharibiwa, nimwandikie lingine.”

Kananu aliacha kuandika. “Alikuja lini, Mzee?”

“Jumatatu. Asubuhi. Nilikuwa sijanywa chai.”

“Una hakika ni Jumatatu?”

“Jumatatu huwa nachukua dawa ya presha kwa zahanati. Alinikuta nikijiandaa kwenda.”

Kananu alimgeukia Misheck. Sajini alikuwa amekwisha kuelewa. Kalamu yake ilikuwa imesimama hewani. Siku ya Jumatatu Mitunguu nzima ilikuwa ikimsaka mwenye bucha. Maabara ilikuwa haijafungua sampuli. Duniani hakukuwa na mtu wa kujua kwamba jina la MARIGŨ limeharibika, isipokuwa yule aliyejua kilichomo ndani ya chupa.

“Jina jipya ni lipi?” Kananu aliuliza.

“Gĩkeno,” Mzee Mutugi alisema. “Furaha. Kwa sababu ya maharusi.”

Lorna aliketi chini kwenye ngazi ya baraza.

Kananu alishuka uani akapiga simu tatu, amesimama kati ya mibuni. Ya kwanza kwa mkuu wake, ili redio zitangaze jina la pili kabla ya taarifa ya saa kumi. Ya pili kwa kituo cha Runyenjes, kuomba askari wanne na kibali cha upekuzi. Ya tatu kwa machifu wa Mitunguu. Aliporudi barazani, mzee alikuwa amesimama, amevua kofia.

“Wezi hawakuwako?” aliuliza.

“Hapana, Mzee.”

“Ni mimi niliandika zote mbili.”

“Utaandikisha taarifa kama shahidi. Kaa hapa na binti yako.”

Gladys alikuwa nyuma ya kaunta akimpimia fundi misumari. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye kitambaa kichwani na beji ya kikundi cha akina mama kanisani. Aliwaona askari mlangoni, akamaliza kupima, akafunga misumari kwenye gazeti, akamrudishia fundi chenji yake.

“Karibuni. Mnataka rangi gani?”

“Tunataka kuona stoo,” Kananu alisema na kumpa karatasi ya kibali.

Stoo ilikuwa na harufu ya ndizi zilizochacha. Nyuma ya mabati walikuta mapipa mawili ya plastiki yenye divai, sufuria, faneli, chupa tupu zilizopangwa kwa ukubwa, na pipa moja la chuma la bluu. Juu ya meza kulikuwa na karatasi mbili za stika, zimekatwa nusu. GĨKENO, ziliandikwa, kwa miguu mipana na uzi mweupe, na wimbi juu ya I likianza kwa kushuka.

“Hili ni pipa la nini?” Kananu aliuliza.

“La thina, ya kuyeyusha rangi. Nauzia mafundi.”

Kananu alichuchumaa. Ubavuni kulikuwa na karatasi ya kiwandani, maandishi madogo meusi na fuvu la kichwa. “Hapa pameandikwa methanoli. Ulipasoma?”

Gladys alisogea mbali na pipa. “Divai ilikuwa dhaifu. Watu walisema ni juisi. Niliongeza kidogo tu. Lile pipa baya nililimwaga, hilo ni jipya.”

“Hili jipya nalo ni methanoli.”

“Nataka wakili.”

“Utampata. Chupa zilizojazwa ziko wapi?”

“Nimesema nataka wakili.”

Misheck aliingia kutoka uani. “Pikapu haiko, Madam. Jirani anasema imetoka saa nane na nusu, nyeupe, imebeba katoni. Dereva hashiki simu.”

“Imeelekea wapi, Gladys?”

Gladys alikunja mikono na kutazama mabati. Kutoka Runyenjes barabara iligawanyika. Gari lingeweza kuwa linakwenda Embu, Chuka, Ishiara, au kwenye kona yoyote ya vijiji vya kati. Kananu alimtaka askari mmoja awapigie vituo vyote vya njia hizo. Alijua muda ambao kazi hiyo ingechukua.

Mlangoni kulikuwa na mabishano. Mzee Mutugi alikuwa amekuja kwa pikipiki, Lorna amemshika kiwiko, na askari wa mlangoni hakutaka kumpitisha. Kananu alifikiri kwa pumzi moja, kisha akaashiria apite.

Mzee aliingia stoo akaiona meza. Alichukua stika moja, akaisogeza karibu na macho, mkono ukitetemeka kiasi kwamba karatasi ilitoa sauti. Akairudisha.

“Gladys.”

“Mutugi, nenda nyumbani. Haya si mambo yako.”

“Gari imeenda wapi?”

Gladys alikaza kitambaa chake kichwani.

“Miaka yote hii,” mzee alisema, sasa kwa Kiembu, na Lorna akamtafsiria Kananu kwa sauti ya chini, “sijawahi kukuomba kitu nisichokilipa. Leo naomba. Gari imeenda wapi?”

Gladys alitazama mlangoni. Fundi wa misumari alikuwa bado amesimama nje, gazeti lake mkononi.

“Mitunguu,” alisema. “Kupitia Chuka. Kuna mtu ana harusi kesho, hakungoja Jumamosi.”

Misheck alikuwa tayari kwenye redio ya gari. Saa tisa na dakika ishirini askari wa kizuizi cha barabarani, mbele kidogo ya Chuka, walijibu kwamba pikapu nyeupe ilikuwa imesimamishwa. Dereva alikuwa amejaa hofu na hakujua lolote. Katoni sita, zote zimefungwa kwa gundi, hakuna iliyoguswa. Kananu alimtaka askari ahesabu tena, na akasubiri kwenye simu mpaka alipohesabu.

Walimtoa Gladys kwa mlango wa mbele. Sokoni watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, na baadhi walidhani ni habari za kodi. Alipompita mzee alipunguza mwendo, na askari hakumsukuma.

“Kwa nini hukuniambia ukweli siku ya kwanza?” Mzee Mutugi alimwuliza.

“Ungeniandikia?”

“La.”

“Basi,” Gladys akasema, akainamisha kichwa na kuingia garini.